Muuguzi Asiyegombewa na Mtu

Kila muuguzi niliyemfundisha kazi alihamishwa. Sisemi baadhi, nasema kila mmoja. Nampokea mtu anayemshika mtoto mchanga kama aliyekabidhiwa sufuria ya moto, namfundisha mpaka mikono yake inatulia, na mikono ikishatulia tu, uhamisho unaingia wodini bila hata kubisha hodi.

Wa kwanza tulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyofika palipohitajika bila kupepesa. Akachukuliwa. Wa pili tulimwita Bibi Harusi, maana alitembea wodini taratibu kama anayesubiri vigelegele, lakini mzazi akianza kutokwa na damu, hakuna aliyemfikia kwa kasi. Naye akachukuliwa. Wote tuliwaaga kwa keki na picha, na mimi katika kila picha natabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe.

Mimi ni mkunga wa hospitali ndogo ya serikali. Jina langu wodini ni Mama Mapacha, ingawa mapacha wenyewe sasa wananizidi kimo na wananiazima viatu. Kazi naipenda. Ila nilitaka kwenda chuo kusomea usingizi, ule wa kumlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Mtaalamu wa usingizi tunaye mmoja tu. Akiugua yeye, au akifiwa, chumba cha upasuaji kinafungwa, na mzazi aliyekwama tunampakia kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa, njia ya mashimo matupu. Nimewapakia wengi. Mmoja aliniomba nimshike mkono, nikamshika mpaka mlango ukafungwa. Alirudi amefunikwa shuka mpaka usoni. Tangu hapo sijui kukaa. Nikikaa, mguu mmoja unacheza peke yake kama wa fundi cherehani.

Chuo kilishanikubali. Kilichobaki ni ruhusa ya mwajiri, na ruhusa inakaa kwa Sera.

Sera ni Afisa Utumishi wetu, kijana nadhifu ambaye shati lake halikunjamani hata kukiwa na joto la kuyeyusha mishumaa. Tumempa jina hilo kwa sababu hafungui kinywa bila sera kutangulia. Ukimsalimu, unakaa roho juu usije ukaambiwa sera hairuhusu.

"Mama Mapacha," aliniambia, "sera inasema mtumishi ataruhusiwa kwenda masomoni iwapo yupo wa kushika nafasi yake."

"Nimefundisha wawili. Mmewachukua wote."

"Wamehamishwa kwa mujibu wa sera ya kupeleka wataalamu penye upungufu."

"Na hapa mlipowatoa hakuna upungufu?"

"Hapa upo wewe."

Nilimtazama nione kama anatania. Mwenzangu hata hakutikisika.

"Basi niongeze na hili," akaendelea, kwa upole wa mtu anayekupa habari ya msiba. "Ukishatimiza miaka arobaini na tano, serikali haikusomeshi tena. Muda wa kukutumia unakuwa umebaki mdogo."

"Kama betri."

"Sera haitaji betri."

Miaka arobaini na tano nilikuwa naitimiza kabla ya msimu wa masomo uliofuata. Kwa hiyo ni msimu huu au basi tena.

Nyumbani nikageuka kero. Niliosha vyombo vilivyo safi. Nilihamisha kabati, nikalirudisha. Mume wangu anashona nguo barazani, na siku hiyo nilikuwa nafagia mbele yake, nikimaliza naanza upya.

"Mama Mapacha," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "hiyo ardhi itatoboka."

"Niache."

"Nikuache ufike chini kabisa? Hebu kaa uniambie."

Sikukaa, lakini nilimwambia. Alisikiliza huku akikanyaga cherehani, akanyoosha kidole kwenye nguo zilizoning'inia.

"Unaliona lile shati la mwisho? Nimelishona kwa mkono ule ule ulioshona mengine yote. Mshono wake ni imara kuliko yote hapo. Lakini lina doa la mafuta kolani. Wateja wanakuja, wanabeba mengine, lile linabaki. Sasa ni langu, nalivaa mimi."

"Unaniambia nini, Baba Mapacha?"

"Nakwambia utafute mwenye doa."

Ufagio ulinitoka mkononi. Mwenye doa tulikuwa naye.

Alikuwa muuguzi wa kiume, mrefu, mwenye koti la kazi lisilojua pasi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini kazini aliitwa Kwa-Nini, kwa sababu hilo ndilo alilolisema kuliko lolote. Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, akisema dawa zihamishiwe kabati la kushoto: kwa nini? Mganga mkuu akisema kikao ni alasiri: kwa nini si asubuhi? Hakuwa mkorofi. Aliuliza kwa uso mweupe usio na hila, kama wa mtoto, na hilo ndilo lililowachoma wakubwa zaidi, maana mkorofi unamfokea, lakini mtu anayeuliza kweli utamfanyaje? Walimzungusha vituo vingi kuliko gari la chanjo. Kila alipoondoka hapakuwa na keki, palikuwa na pumzi ndefu.

Kwetu alipangiwa wodi ya majeruhi. Nilimwomba Metroni amhamishie kwangu leba, chumba cha kujifungulia.

"Kwa-Nini?" Metroni alishika kifua. Ni mama mnene mwenye sauti ya kengele, anayetupenda kwa kutugombeza. "Mwanangu, unaumwa? Wazazi wana uchungu wao tayari, unataka kuwaongezea na huyo?"

"Nipe tu, mama."

"Mchukue. Na usinirudishie."

Nikaanza naye kwenye mdoli wa mazoezi, yule wa plastiki anayejazwa maji tumboni apate uzito wa mtoto. Tunamwita Bwana Maji. Kufundisha Kwa-Nini, jamani, ni kupanda mlima na mtu anayesimama kila hatua kuokota jiwe.

"Kichwa usikiinue sana," nikamwambia, "wala usikilaze sana."

"Kwa nini?"

"Njia ya hewa inajikunja."

"Kama mpira wa kumwagilia bustani?"

"Kama huo."

"Sasa kwa nini mlikuwa mnasema tu kichwa kiwe katikati? Mngesema mpira, ningeelewa siku ya kwanza."

Nilitaka kumpiga na Bwana Maji. Lakini jambo lake akishalielewa, halikumtoka tena. Wengine niliwafundisha hatua, wakazishika kama wimbo. Yeye hakushika wimbo. Alitaka kujua kila kitu kinafanya kazi gani, na kitu kikienda mrama alijua aanzie wapi. Taratibu nikaanza kumwachia wazazi. Nilisimama mlangoni mikono nyuma, nikijiuma midomo nisiingilie. Na nilipoona anavyofanya, badala ya kufurahi nikashikwa na hofu. Mikono yake ilikuwa imetulia. Najua kinachofuata mikono ikitulia.

Nikamwingiza stoo ya mashuka, nikafunga mlango tukiwa wawili.

"Sikiliza, kaka yangu. Mkubwa wa utumishi anakuja kutoka makao makuu kukupima. Akiridhika kwamba unaweza kushika nafasi yangu, naenda chuo. Lakini akiridhika kupita kiasi, anaondoka na wewe, na mimi nabaki hapa mpaka nistaafu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo fanya kazi ya kutosha tu. Usivuke wastani. Na hizo sifa zako mbaya, tafadhali, zitunze. Usipige koti pasi."

Alicheka mpaka akaegemea mashuka. "Yaani niwe hodari kwa siri?"

"Kama mwizi."

Kisha kicheko kikakatika. Akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Unajua hospitali kubwa ipo mtaa mmoja na kwangu," akasema. "Mke wangu yuko kule. Na binti yangu."

Nilijua. Wodi nzima ilijua. Alikuwa anaishi peke yake kwenye chumba cha nyuma ya jengo la kufulia, anakula kwenye sufuria ile ile anayopikia, na jioni anasimama uani na simu akimsikiliza bintiye akisoma kwa sauti. Nilikuwa najua yote hayo siku nilipomwomba kwa Metroni.

Mimi ambaye wanasema hata nikifa mdomo utazikwa baadaye, nikashika ncha ya pili ya shuka, nikakunja naye.

"Haya," akasema yeye. "Wastani. Nimekusikia."

Mkubwa alikuja asubuhi ya mawingu. Mwanamke mkakamavu, mkoba mkubwa, viatu vinavyosikika kabla yake. Sera alimfuata nyuma kama kivuli kilichopigwa pasi. Metroni alikuwa ametuvalisha wote aproni mpya. Kwa-Nini, Mungu ambariki, alikuja na koti lililoonekana kama limelaliwa na mbuzi.

"Ndiye huyu?" Mkubwa aliuliza, akimkagua kuanzia kola kwenda chini.

"Ndiye, Mheshimiwa," nikajibu. "Anajitahidi."

Neno "anajitahidi" nililiandaa tangu nyumbani. Kazini ukitaka kumzika mtu bila jeneza, sema anajitahidi.

Bwana Maji alikuwa tayari mezani. Kwa-Nini alikuwa ndiyo kwanza anavaa glavu zake, taratibu, kwa wastani mzuri kabisa, binti mmoja wa mimba ya kwanza aliyelala nyuma ya pazia alipoanza kusukuma kabla hatujamtarajia. Nikaruka. Mtoto akaangukia mikononi mwangu amelegea kama kitambaa kilicholowa, rangi ya jivu, kimya. Na papo hapo mama yake akaanza kuvuja damu.

Mikono ni miwili tu. Nilibaki na mama.

"Mchukue!" nikasema.

Kwa-Nini alishamchukua. Akamkausha, akamsugua mgongo. Kimya. Akageuka na kumlaza juu ya meza, na kwa kuwa Bwana Maji alikuwa amelala pale, akamsukuma kwa kiwiko. Bwana Maji akaruka. Mkubwa, sijui kwa silika ya uzazi au kwa hofu tu, akamdaka na kumkumbatia kifuani, mkoba ukaenda chini.

"Mama," Kwa-Nini alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa amempa mgongo yule binti, "mwanao hajaanza kuvuta pumzi. Namsaidia kwa mfuko wa hewa. Utasikia kimya kidogo. Kimya hiki ni cha kazi, usikiogope."

Akamwekea barakoa usoni, akaminya mfuko. Mimi nakandamiza tumbo la mama, jicho moja kwake. Kifua cha mtoto hakikupanda. Mpira, nikasema moyoni. Mpira umejikunja. Ulimi wangu ulikuwa unataka kutoka wenyewe, nikaung'ata. Yeye alisogeza kichwa kidogo tu, kama mtu anayenyoosha picha ukutani, akaminya tena. Kikapanda. Akaminya, kikapanda. Rangi ya jivu ikaanza kuondoka usoni, kisha mtoto akakunja uso kama aliyedaiwa, akapiga kelele zilizofika mpaka jikoni.

Binti akalia. Metroni akalia. Damu ya mama ilikuwa imekatika, nami nilitaka kulia, lakini nilimwona Mkubwa. Alikuwa bado amemkumbatia Bwana Maji aliyemlowesha blauzi yote, na anamtazama Kwa-Nini kwa macho ninayoyajua. Macho ya mteja aliyeona nguo yake.

Nikajua nimekwisha.

Tukaitwa ofisini kwa Metroni. Sikukaa, nilisimama dirishani nikibadilisha miguu.

"Mimi nimezunguka sana," Mkubwa alianza, akijifuta maji. "Mtu kama huyu kumwacha hapa ni dhambi. Namchukua. Hospitali kubwa ina upungufu."

"Sera inaruhusu," alisema Sera.

Hakuna aliyenitazama. Metroni aliangalia kucha zake. Nami nilimwangalia Kwa-Nini, na nakiri sikujua namwombea nini. Nikimwombea akatae, namwombea sufuria moja na simu uani. Nikimwombea akubali, nawaombea wazazi wa wodi yangu gari lile na mashimo yale. Uso wake ulikuwa umebadilika. Midomo ilifunguka kidogo, kama ya mtu aliyenusa chakula cha nyumbani kwake. Nikageukia dirisha.

Kisha nikasikia:

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?" Mkubwa aliuliza.

"Kwa nini mnichukue? Nauliza tu, Mheshimiwa."

"Kwa sababu wewe ni hodari."

"Sawa. Nikifika kule nitakaa leba?"

"Utapangiwa."

"Wapi?"

"Panapofaa."

Akafikiri kidogo. "Yule mwenzetu Sindano, aliyechukuliwa kwa uhodari, yuko leba gani?"

Mkubwa akamtazama Sera. Sera akakohoa. "Yuko kitengo cha takwimu."

"Takwimu? Anahesabu nini?"

"Wazazi," alisema Sera, kwa sauti iliyopungua.

"Na Bibi Harusi?"

Sera akanyoosha kola yake. Metroni akajibu badala yake, na kengele yake ilikuwa imepasuka. "Yuko mapokezi. Alinipigia simu. Anaelekeza watu lifti ilipo."

"Kwa nini?" Kwa-Nini aliuliza. Hakupandisha sauti. Alikuwa na uso ule ule mweupe aliokuwa nao alipouliza habari ya mpira. "Mikono ile iko kwenye lifti? Kwa nini msilete watu hapa wafundishwe na Mama Mapacha, warudi kwao, badala ya kubeba mmoja mmoja na kuwaweka kwenye dawati? Na aliyebaki hapa akimpoteza mzazi, nani anaulizwa? Naomba kuelewa tu. Mimi jambo nisipolielewa, mikono haifanyi."

Chumba kikawa kimya, na hiki hakikuwa kimya cha kazi.

"Huyu," Mkubwa alisema taratibu, shingo ikimvimba, "ndivyo anavyozungumza siku zote?"

"Leo amejizuia, Mheshimiwa," Metroni alisema haraka. "Tumemzoea. Kule kwenu sijui. Mkurugenzi wenu ana presha, nasikia."

Mkubwa akamgeukia tena Kwa-Nini. Nilimwona anampima tena, upande mmoja mtoto aliyelia, upande wa pili vikao vyote atakavyokaa naye. Mwishowe akafunga mkoba.

"Abaki. Kuhusu nidhamu yake nitaandika ninachoona. Kuhusu kazi," akasita, akatazama blauzi yake, "kazi nimeiona kwa macho yangu, siwezi kusema sikuiona. Nafasi anaiweza. Huyu mama aende chuo."

Sera akafungua kinywa. Nikamgeukia na nadhani nilionekana vibaya, maana alikifunga bila sera kutoka.

Asubuhi ya kuondoka, mume wangu alikuwa amenishonea begi jipya, akalibeba mwenyewe mpaka njia panda. Pale nikamwambia anisubiri, nimesahau kitu.

"Umesahau nini?"

"Kitu."

"Mama Mapacha, usirudi huko."

Nikarudi. Miguu haikuniuliza. Nilikuwa nimeililia ruhusa hiyo mpaka nikatoboa ardhi kwa ufagio, na sasa ninayo, nakimbia kuelekea kule ninakoruhusiwa kuondoka. Niliingia leba kwa nguo za safari, nikaanza kukagua meza: mfuko wa hewa upo, barakoa ndogo ipo, taa ya joto inawaka. Nikafungua droo. Nikaifunga.

"Unatafuta nini?" Kwa-Nini alikuwa mlangoni. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi, mistari mikononi imesimama.

"Umepiga pasi."

"Sasa hakuna wa kumficha. Toka, Mama Mapacha. Leo wewe si mtumishi wa chumba hiki."

"Mke wako umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Hajasema. Amenyamaza, na kimya chake huwa kirefu." Akanyoosha shuka la kitanda lililokuwa limenyooka. "Binti ndiye aliyeuliza kwa nini. Nikamwambia nitamweleza nikija, maana hilo si la simu."

Swali nilikuwa nimelibeba tangu ofisini.

"Kaka, niambie ukweli. Siku ile ulifanya makusudi? Uliuliza ili akuache, niende mimi? Au ulikuwa unauliza tu?"

Akaniangalia kwa uso ule mweupe.

"Kwa nini unauliza?"

Akanishika mabega, akanigeuza, akanitoa nje kama anavyotoa ndugu wa wazazi wanaong'ang'ania, akafunga mlango. Nikasimama koridoni. Ndani mzazi alianza kugumia. Mkono wangu ukaenda kwenye kitasa, nikauona unakwenda, nikaurudisha mfukoni.

Nikasikia akimwambia mtu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vuta pumzi, dada. Nitakueleza kwa nini."

Njia panda mume wangu alikuwa amekalia begi langu.

"Umekipata ulichosahau?"

"Kimebaki huko," nikasema, nikamwinua kutoka kwenye begi, maana gari lilikuwa linakuja na miguu ilikuwa imeanza tena.